Kibao Kikubwa cha Kantri: Nani Hasa Anahesabu?

Mwaka 1980 George Jones alitoa wimbo "He Stopped Loving Her Today". Kwenye orodha ya kantri ya jarida la Billboard, ambayo wengi katika biashara ya muziki wa Marekani huichukulia kuwa mizani kuu, wimbo huo ulikaa kileleni wiki moja, basi. Mwaka 2017 Bebe Rexha, ambaye ni mwimbaji wa pop, alishirikiana na kundi la Florida Georgia Line kutoa "Meant to Be", na kwenye orodha ya kantri ya jarida lilelile wimbo huo ukashika namba moja kwa wiki 50. Kwa hesabu ya wiki, wa pili umeuzidi wa kwanza mara hamsini. Ila muulize mpenzi wa kantri aliyeusikiliza muziki huo kwa miaka mingi, awe Nashville au Eldoret, ni upi kati ya nyimbo hizo mbili ulio mkubwa. Hatachukua muda kujibu, na jibu lake halitafuata hesabu ya wiki.

Mtu anaweza kudhani hayo ni mapenzi ya wazee kwa mambo ya zamani. Sivyo. Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani, CMA, kiliupa wimbo wa Jones tuzo ya wimbo bora wa mwaka 1980, kisha kikaupa tuzo hiyohiyo tena 1981. Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka katika hazina yake ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi. Waimbaji wa kantri wenyewe, wakitakiwa wataje wimbo bora wa fani yao, hawachoki kuutaja huo. Kwa hiyo kuna kitu ambacho orodha ya Julai 1980 haikukiona, na kuna kitu ambacho orodha ya 2018 ilikikuza kuliko kimo chake.

Orodha haipimi wimbo moja kwa moja. Hupima uamuzi wa mtu fulani: aliyetumbukiza sarafu, aliyenunua santuri, mkuu wa vipindi aliyeruhusu wimbo upigwe redioni, au kijana aliyebonyeza simu yake. Kila mmoja wao ana sababu zake, na si zote zinazohusu wimbo. Kibao kikubwa, kwa maoni yangu, ni kile kinachoshuhudiwa na mashahidi wasiokula sahani moja. Kwa nini nasema hivyo, inabidi tufuate jinsi hesabu yenyewe ilivyokuwa ikifanywa.

Billboard ilichapisha orodha yake ya kwanza ya muziki huu Januari 1944. Haikuitwa ya kantri. Iliitwa ya muziki wa asili wa wananchi, na kilichohesabiwa ni santuri zilizopigwa zaidi kwenye jukboksi, zile mashine za baa na migahawa ambazo mteja hutumbukiza sarafu na kuchagua wimbo autakao. Mwaka huo wa kwanza ulipandisha kileleni majina ambayo leo hakuna redio ya kantri ingeyaita ya kwake. Bing Crosby na Andrews Sisters walifika huko kwa "Pistol Packin' Mama", kama alivyofika Al Dexter aliyekuwa mwenye wimbo. Louis Jordan, mpiga saksafoni Mweusi kutoka Arkansas, alifika. Nat King Cole na wenzake wawili walifika kwa "Straighten Up and Fly Right". Sarafu haikuuliza mwimbaji ni wa rangi gani wala amevaa kofia gani. Wa kuuliza walikuja baadaye.

Mwaka 1948 iliongezwa orodha ya mauzo ya madukani, na 1949 ikaongezwa ya nyimbo zilizopendwa na watangazaji wa redio. Mwaka huohuo wa 1949 jina la zamani liliachwa, orodha zikaitwa za kantri na magharibi. Kwa miaka kadhaa basi kulikuwa na mizani tatu kwa wakati mmoja, na wimbo uliweza kuongoza kwenye baa huku madukani ukiwa wa tano. Watunza takwimu wa baadaye, akiwemo Joel Whitburn ambaye vitabu vyake ndivyo rejea ya kila mtafiti wa orodha hizo, walilazimika kuchagua namna ya kuzijumlisha, na wakawa wanachukua nafasi ya juu kabisa ambayo wimbo uliifikia kwenye mojawapo. Kwa hesabu hiyo, nyimbo tatu zilikuja kushika rekodi ya wiki 21 kileleni: wa Eddy Arnold wa 1947, "I'm Moving On" wa Hank Snow wa 1950, na "In the Jailhouse Now" wa Webb Pierce wa 1955. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne.

Nauheshimu utaratibu ule wa orodha tatu, pamoja na usumbufu wake. Mwenye baa, mwenye duka na mtangazaji hawakuwa mtu mmoja. Santuri iliyoongoza kwa wote watatu ilikuwa imewapita watu wenye masilahi tofauti: mlevi wa Jumamosi usiku, mama aliyetoa hela ya chakula ili anunue santuri, na kijana wa redio ambaye alikuwa na kampuni ya rekodi sikioni mwake. Oktoba 1958 Billboard iliunganisha kila kitu kuwa orodha moja. Msomaji alipata urahisi, lakini hakuweza tena kumtenga shahidi mmoja na mwingine.

Orodha hiyo moja ilichanganya mauzo na redio, na kadiri miaka ilivyokwenda sauti ya redio ikazidi kumeza nyingine zote. Vituo vilitoa taarifa zao wenyewe: mhusika alitaja kwa simu au kwa karatasi nyimbo alizokuwa akizipiga na kwa mpangilio gani. Hapakuwa na wa kukaa kusikiliza kama kweli zilipigwa. Sheria ya 1960 ilikuwa imekataza malipo ya siri kwa vituo, lakini sheria ilizuia bahasha, haikuzuia ushawishi. Kampuni za rekodi zilijua wiki zipi wimbo wao ungesukumwa na wiki zipi ungepisha wa mwenzao. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1980 karibu kila wiki ilikuja na namba moja mpya. Nyimbo hamsini hivi kwa mwaka, kila mmoja ukipita kileleni kama abiria anayeshuka kituoni. Zipo zilizostahili. Zipo pia ambazo leo hata wapenzi sugu wa enzi hiyo hawazikumbuki.

Ubaya wa mambo haya ulifikia kilele chake Machi 1989. Jarida la Cash Box, mshindani wa Billboard, lilikuwa na orodha ya wasanii wa kantri wa kampuni ndogondogo, na wapo mapromota waliokuwa wakiwatoza wasanii hao fedha kwa ahadi ya kuwapandisha humo. Kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiandaa orodha hiyo alipigwa risasi usiku mtaani Music Row, Nashville, akafa. Ilichukua hadi 2003 kwa mahakama kumtia hatiani mtu aliyewahi kufanya kazi katika jarida hilo. Hesabu ya namba moja ilikuwa na thamani ya fedha kiasi kwamba mtu aliuawa kwa ajili yake. Mimi siwezi kuisoma orodha yoyote ya zama zile bila kulikumbuka hilo.

Januari 1990 Billboard iliacha taarifa za midomo kwa orodha ya kantri. Kompyuta zikaanza kusikiliza vituo na kuutambua kila wimbo kwa sauti yake. Ghafla nyimbo zikaanza kukaa kileleni wiki mbili, tatu, nne, kwa sababu kituo kilichokuwa kikisema kimeacha wimbo kilikuwa bado kinaupiga mchana kutwa. Mwaka uliofuata, hesabu ya albamu nayo ikahama kutoka kwenye makisio ya wenye maduka kwenda kwenye mashine za malipo, na mara kantri ikaonekana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Septemba 1991 "Ropin' the Wind" ya Garth Brooks ikawa albamu ya kwanza ya kantri kuingia moja kwa moja namba moja kwenye orodha kuu ya albamu za Marekani. Wasikilizaji walikuwepo miaka yote. Aliyekuwa akiwahesabu ndiye hakuwaona.

Hapo ndipo penye funzo kubwa kwa yeyote anayetaka kulinganisha wasanii wa vizazi mbalimbali. Chukua ubishi usiokwisha kuhusu mfalme wa namba moja. Conway Twitty alikuwa na 40 kwenye Billboard, na George Strait alimpita mwaka 2006 kwa "Give It Away". Idadi ya Strait kwenye Billboard ni 44. Lakini matangazo, mabango na watangazaji husema 60, na mashabiki wa Twitty nao hujibu kwa 55. Hakuna anayedanganya. Idadi hizo kubwa zinajumlisha kila orodha iliyowahi kuwepo: Billboard, Cash Box, Radio & Records, Mediabase. Mwaka 2013 ilipofanywa kampeni ya kumpatia Strait wimbo wake wa 60 kabla ya siku yake ya kuzaliwa ya mwaka huo, "Give It All We Got Tonight" ulifika kileleni kwa Mediabase, haukufika kwa Billboard. Nadhani heshima ya Strait haihitaji 60. Mtu mwenye 44 kwenye mizani moja, nyingi zikiwa zimepatikana baada ya kompyuta kuanza kusikiliza, amemaliza ubishi bila kukopa popote. Anayetaja 60 anaongeza nyimbo zilizofika kileleni kwa waamuzi wengine tu, na anamfanya bingwa aonekane kama anayetafuta kura.

Kisha likaja badiliko la Oktoba 2012, ambalo kwangu ndilo lililoharibu zaidi maana ya neno namba moja. Billboard iliigawa kazi. Orodha moja ikabaki kuhesabu redio za kantri peke yake. Orodha ya zamani, yenye historia yote tangu 1958, ikaanza kuhesabu pia mauzo ya mtandaoni, usikilizaji wa intaneti, na redio za aina zote, za pop zikiwemo. Wiki ya kwanza tu ya utaratibu mpya, Taylor Swift aliruka kutoka nafasi ya 21 hadi ya kwanza kwa "We Are Never Ever Getting Back Together", wimbo ambao redio za kantri zilikuwa zikiupiga kwa kusitasita. "Cruise" wa Florida Georgia Line, ukisaidiwa na remiksi aliyoimba rapa Nelly, ukamaliza wiki 24 na kuvunja rekodi ya miaka ya Hank Snow. Sam Hunt akafikisha 34 kwa "Body Like a Back Road" mwaka 2017. Halafu "Meant to Be" na wiki zake 50.

Redio za pop zilipoupiga "Meant to Be", kila mpigo uliingia kwenye hesabu ya kantri. Redio za kantri zenyewe ziliuweka kileleni kwa muda mfupi mno ukilinganisha na hizo wiki 50. Wimbo si mbaya. Una sauti tamu na uliwapendeza mamilioni. Lakini kuulinganisha na wiki 21 za Webb Pierce ni kumlinganisha aliyekimbia uwanjani na aliyepanda pikipiki, eti kwa sababu wote walipita njia moja. Namba zile zinaandikwa safu moja vitabuni, na msomaji asiyeijua historia ya hesabu atapotoshwa na kitabu chenye takwimu sahihi.

Je, tuzikimbilie fedha? Dhahabu hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, tangu 1958, na platinamu tangu 1976. Hank Williams alikuwa amefariki Januari mosi 1953, hivyo kipimo hicho hakikumkuta hai. Isitoshe, cheti hakiji chenyewe: kampuni huomba na kulipia ukaguzi, na kampuni isiyoona faida haiombi. Siku hizi singo hupata dhahabu kwa uniti 500,000, platinamu kwa 1,000,000, almasi kwa 10,000,000, na usikilizaji 150 mtandaoni huhesabiwa uniti moja. Zamani, kabla ya 1989, dhahabu ilidai milioni nzima, na kila moja ilikuwa santuri iliyobebwa mkononi kutoka dukani. Kipimo cha fedha kina shida zake basi. Lakini kina sifa moja ambayo redio haina: hakimalizwi na wiki. Kinaendelea kuhesabu.

Kwa sifa hiyo ndipo tunapoiona habari ya "Tennessee Whiskey", ambayo kwa kuelewa jambo hili naithamini kuliko nyingine zote. Aliyeirekodi kwanza ni David Allan Coe, 1981, na iliishia nafasi ya 77. Mtu angesema imekufa. Mwaka 1983 George Jones akaichukua, akaifikisha ya pili. Sasa tungeiita kibao, cha heshima, kisicho namba moja. Ikapita miongo mitatu. Novemba 2015, jukwaani kwenye tuzo za CMA, Chris Stapleton aliyekuwa hajulikani na wengi akaiimba pamoja na Justin Timberlake, akiivuta kwa mwendo wa taratibu wa nyimbo za soul. Ndani ya siku chache watu waliinunua kwa wingi, ikashika namba moja kwenye orodha ile kubwa ya kantri, na albamu yake ikapanda kileleni nchi nzima. Redio za kantri karibu hazikuipiga, maana haikupelekwa kwao kama singo ya kusukumwa. Leo ina cheti cha almasi na bado inahesabiwa. Wimbo ni uleule, maneno yaleyale. Ukiwauliza wakuu wa vipindi wa 2015 utapata jibu moja. Ukiwauliza wasikilizaji wa miaka kumi iliyofuata utapata jibu lingine, nami nasimama na wasikilizaji.

Habari hiyo inatulazimisha pia kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukubwa wa rekodi na ukubwa wa wimbo. "I Will Always Love You" wa Dolly Parton ulikuwa namba moja ya kantri 1974, ukawa tena namba moja 1982 alipourekodi upya kwa ajili ya filamu. Mwaka 1992 Whitney Houston akaupeleka kileleni mwa orodha kuu ya Marekani kwa wiki 14. Rekodi ya Whitney si ya kantri. Wimbo ni wa kantri kwa kila kipimo, na kushindwa kuuita kibao kikubwa kuliko vyote vya fani hiyo eti kwa kuwa mauzo makubwa yalifanywa na mwingine ni uchoyo wa mipaka. Upande wa pili wa mambo, "I'm So Lonesome I Could Cry" wa Hank Williams ulitoka 1949 ukiwa upande wa nyuma wa santuri iliyouzwa kwa jina la wimbo mwingine. Kama rekodi haukuwa kibao. Kama wimbo, waimbaji wa kila aina wameupitia. "Crazy" wa Patsy Cline, uliotungwa na Willie Nelson, uliishia namba mbili 1961; nyimbo mbili za Cline zilizofika namba moja hazina hata nusu ya uhai wake.

Sasa nirudi kwa wale wenye kuuliza mwimbaji ni nani. Baada ya Louis Jordan 1944, ilipita robo karne bila mtu Mweusi kuongoza orodha ya kantri, hadi Charley Pride 1969. Pride aliongoza mara 29 kwenye Billboard, na 1971 CMA ikamtaja mburudishaji bora wa mwaka. Baada ya namba moja yake ya mwisho, 1983, hakuonekana mwingine aliyefika huko peke yake, bila kushirikiana na mwimbaji mwingine, hadi Darius Rucker 2008. Haiwezekani kwamba kwa miaka yote hiyo hakukuwa na sauti. Kilichokuwepo ni mlango. Na mlango huo uliwabana wanawake pia: mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio aliwashauri wakuu wa vipindi wasipige wanawake wawili mfululizo, akiwafananisha na nyanya ndani ya saladi, na Desemba 2018 hapakuwa na mwanamke hata mmoja kwenye ishirini bora za redio za kantri. Ni jambo la kuudhi, na halipaswi kutajwa kwa sauti ya upole. Ikiwa namba moja ya redio ndiyo kipimo chetu pekee cha kibao kikubwa, basi tumekubali kwamba wanawake wa miaka ile hawakuimba kitu.

Machi 2019 Lil Nas X aliingia orodha ya kantri kwa "Old Town Road", nafasi ya 19. Billboard ikauondoa, ikisema hauna vya kutosha vya kantri ya leo. Ukiwa nje ya orodha hiyo, ukaongeza sauti ya Billy Ray Cyrus na kukaa wiki 19 namba moja kwa nchi nzima, jambo ambalo hakuna wimbo uliokuwa umewahi kulifanya. CMA yenyewe, mwishoni mwa mwaka huohuo, ikaupa tuzo. Miaka sita na nusu kabla ya hapo jarida lilelile lilikuwa limeruhusu wimbo wa pop wa Taylor Swift uongoze orodha ya kantri kwa nguvu ya mauzo. Sijaona hoja ya muziki inayoweza kueleza tofauti hiyo. Mwaka 2024 Beyoncé akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kuongoza orodha kubwa ya kantri, kwa "Texas Hold 'Em", huku kwenye orodha ya redio peke yake akiishia nafasi ya 33. CMA haikumteua kwa tuzo yoyote mwaka huo. Miezi michache baadaye Grammy ikaipa albamu yake tuzo ya albamu bora ya kantri, na ya mwaka pia. Mashahidi wamegawanyika, na mgawanyiko wenyewe ni ushahidi kuhusu mashahidi.

Kuna shahidi mwingine ambaye Nashville haijawahi kumwita: sisi tulio mbali. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alirekodi kwa mara ya kwanza Bristol, Tennessee, Agosti 1927, akafa kwa kifua kikuu Mei 1933. Enzi zake hakukuwa na orodha ya kantri hata moja. Santuri zake zilisafiri na gramafoni hadi nyanda za Wakipsigis nchini Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipofika huko na mashine yake alikuta wasichana wakiimba juu ya kiumbe waitwaye Chemirocha. Ni jina la Jimmie Rodgers lililopita kwenye ndimi za Kikalenjin. Tracey aliandika kwamba walimwona kama nusu mtu, nusu swala. Kama kuna mizani ya jukboksi, ya duka au ya redio inayoweza kueleza ukubwa wa aina hiyo, sijaiona: mtu aliyekufa miaka 17 nyuma, asiyejulikana sura, katika lugha isiyo yake, amekuwa sehemu ya ngoma za vijana.

Na hilo halikukoma. Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, lakini Afrika Kusini alikokuwa amezuru, kucheza filamu na kurekodi kwa Kiafrikana, na Afrika Mashariki ambako nyimbo zake za dini zimeingia hadi kwenye misiba, amebaki kana kwamba hajaondoka. Don Williams alisafiri hadi Harare 1997 kupiga mbele ya umati, ilhali nchini kwake wakati huo redio zilikuwa zimeshamweka kando. Nakuru, Eldoret, Nyeri, watu wanajua "Coward of the County" wa Kenny Rogers mwanzo hadi mwisho, na Elvis Otieno, yaani Sir Elvis, amejijengea jina Nairobi kwa kuuimba muziki huu mbele ya Wakenya. "The End of the World" wa Skeeter Davis, ambao kwao uliishia namba mbili, huku kwetu hauna namba kabisa kwa sababu hakuna asiyeujua. Hakuna hata mpigo mmoja wa hizo uliowahi kuhesabiwa kwenye orodha ya Marekani.

Kwa hiyo ninapoambiwa wimbo fulani ni kibao kikubwa cha kantri, nauliza mwaka kwanza. Namba moja ya 1950 ni jambo zito. Ya 1986 ni mwaliko wa kuuliza zaidi. Ya 2018 inategemea ni orodha ipi. Kisha natafuta shahidi wa pili asiyefahamiana na wa kwanza: kama redio ilikubali, je, watu walitoa hela? Kama walitoa hela, ilikuwa wiki chache za hasira za kisiasa, kama "Rich Men North of Richmond" wa Oliver Anthony ulioruka namba moja ya nchi nzima Agosti 2023 kwa watu kuununua kama kadi ya chama, au walirudi kuusikiliza mwaka uliofuata? Mwisho naangalia kama waimbaji wengine wameuchukua, kwa sababu mwimbaji huchagua wimbo wa mwenzake kwa sikio la kazi, na hilo ndilo sikio gumu kuliko yote kudanganya.

Kwa kipimo hicho, "Meant to Be" ni kibao kikubwa cha pop kilichopangishwa chumba kwenye nyumba ya kantri. "Cruise" ni kikubwa kweli, upende usipende, kwa sababu redio za kantri nazo zilikikubali na muongo mzima wa wanaume wa Nashville ukaimba kwa mtindo wake. "Old Town Road" ni kibao kikubwa cha kantri, na aliyekiondoa kwenye orodha alikosea. "Jolene" wa Dolly Parton, wenye wiki moja tu kileleni 1974 na nafasi ya 60 kwenye orodha kuu, ni kikubwa kuliko vyote hivyo vitatu vikiwekwa pamoja. Tangu White Stripes hadi Beyoncé, waimbaji hawajaacha kuuchukua.

Uliobaki kuhukumiwa ni "A Bar Song (Tipsy)" wa Shaboozey, mwana wa wazazi kutoka Nigeria. Mwaka 2024 ulifanya ambalo wengine hawakuweza: redio za kantri ziliuweka kileleni, orodha kubwa ya kantri ikauweka kileleni, na kwa nchi nzima ukakaa wiki 19, ukilingana na "Old Town Road". Milango yote imefunguka kwa wakati mmoja, kwa mtu ambaye zamani ingefungwa yote. Uliobaki ni mlango wa waimbaji. "Fast Car" wa Tracy Chapman wa 1988 ulisubiri miaka 35 hadi Luke Combs, aliyeusikia utotoni kwenye gari la baba yake, alipoupeleka namba moja ya redio za kantri mwaka 2023 na kumfanya Chapman kuwa mwanamke wa kwanza Mweusi kufika huko kwa wimbo alioutunga peke yake. Wa Shaboozey bado ni mchanga.